Jasho la Tenki

Jumatatu tatu mfululizo
basi la Mzee Shekiondo limezimika Hale,
pale pale, kabla ya tuta,
likikohoa moshi mweupe kama mgonjwa aliyepaliwa na uji.
Mara tatu limevutwa kwa kamba
hadi gereji yetu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
abiria wameshapanda gari jingine, wameshalaani.

Mara ya kwanza walisema ni sheli.
Mara ya pili, nozeli.
Mara ya tatu Mzee alikuwa na jina: Kaniki.
Kondakta huyu anakamua dizeli usiku, anajazia maji ya bomba.
Kaniki hakujibu. Alivua koti la kampuni,
akalikunja, mikono kwa ndani, kama nguo ya marehemu,
akaliweka kwenye kiti cha mbele.

Mimi nilikuwa chini ya gari.
Fundi aliye chini ya gari huona viatu tu.
Vya Kaniki vilisimama kidogo, vikaenda.

Nikalegeza koki ya chini ya chujio,
nikakinga kwa chupa ya soda, nikaiacha itulie.
Juu, rangi ya asali changa.
Chini, maji, kidole kizima,
na kati yao mstari kama uliopigwa kwa rula.
Tone moja kwenye ekzosi ya moto: chwaa!
Dizeli hailii hivyo.
Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema.
Maji ya bomba la Tanga nayajua, yana chumvi yake.
Haya hayakuwa na kwao.

Jumapili nikapanda nalo Lushoto.
Mwezi wa saba. Kipupwe cha pwani ni shuka moja;
cha kule ni mablanketi mawili na bado unayasikia meno yako.
Dereva Mbelwa akalala kwa shemeji yake,
mimi kiti cha nyuma, soksi mikononi.

Saa kumi na moja alfajiri nikafungua kifuniko cha tenki,
nikamulika tochi.
Dizeli ilikuwa robo, imelala kimya.
Lakini darini, kwenye bati lililo juu ya utupu,
matone.
Moja likavimba, likaning'inia, likaanguka.
Jingine likashika zamu.
Hapakuwa na mpira wa kunyonyea. Hapakuwa na ndoo.
Hapakuwa na Kaniki.

Maana Mzee mwenyewe ndiye aliyeamuru:
Jumapili msijaze, gari linalala ugenini, wataninyonya.
Basi tenki likabaki na nafasi,
nafasi ikakaliwa na hewa,
hewa ikapigwa na baridi, ikalia kimyakimya hadi asubuhi.
Kona za Soni zikakoroga,
Mombo ikapita, Korogwe ikapita,
Hale ikadai.

Nikamwambia Mzee hivyo hivyo, bila kupamba.
Aliishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango,
akauliza bei ya filta.

Nimelikausha tenki, nimebadili filta zote mbili,
nimepampu kwa kiganja, povu, povu, povu,
hadi dizeli ikatoka imeshikana, haina kigugumizi.
Injini ikaitika mwito wa kwanza.
Siku hizi linalala limeshiba hadi shingoni,
na kila asubuhi Mbelwa hulegeza koki,
huangalia matone mawili matatu, hufunga.

Kaniki nasikia yuko Muheza, anapakia machungwa kwenye malori.
Koti lake bado liko kwenye kiti cha mbele.
Nimemwona Mzee akilipangusa vumbi, akidhani niko chini ya gari.
Nilikuwepo chini ya gari.
Hajalitoa. Muheza hajakwenda.

Chupa nimeiacha dirishani, karibu na kopo la spana.
Wateja huitikisa, hucheka: mbona ni kitu kimoja, fundi?
Nawaambia iwekeni chini.
Subirini kidogo.